Bajeti dola 700 mpaka mkononi Dar: niweke dau gani mnadani, na ada zipi zinajificha?

Picha_Mbagala

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wazoefu wa minada ya mtandaoni, hasa eBay. Nafuatilia vitu viwili.

Cha kwanza ni lenzi iliyotumika ya milimita 70-200 f/2.8, muuzaji yuko Japani. Dau limefika dola 310 na zimebaki siku tatu. Usafirishaji mpaka Tanzania kaandika dola 55, kwa ndege. Kuna muuzaji mwingine, naye wa Japani, ana lenzi ileile haiko mnadani, bei yake dola 430 na kaandika usafirishaji bure.

Cha pili ni amplifaya iliyoko Marekani, kilo 14, bei ya kuanzia dola 99. Muuzaji hatumi nje ya Marekani, kwa hiyo lazima ipitie kwa wakala wa kago.

Dau lenyewe nalielewa. Ninachotaka kujua ni vinavyokuja nyuma yake: benki, kago, TRA, ghala, wakala wa forodha. Kila ninayemuuliza ananiambia "andaa kama mara mbili hivi", na kwa jibu hilo siwezi kupanga. Bajeti ya lenzi ni dola 700 ikiwa mkononi mwangu na hakuna nyongeza. Dau langu la mwisho liwe ngapi? Na kati ya wauzaji hao wawili wa Japani, yupi nafuu?

---

Forodha_Kurasini

Mkuu, swali lako umelipanga vizuri kwa sababu umeanza na bajeti ya mwisho. Wengi huanza na dau, wanashinda, halafu ndiyo wanaanza kuuliza ushuru. Hapo hakuna tena cha kuamua, kilichobaki ni kulipa.

Kabla ya hesabu yoyote tafuta namba ya bidhaa kwenye kitabu cha ushuru, ile inayoitwa HS code. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile dunia nzima. Lenzi za kamera ziko 9002.11, amplifaya za sauti ziko 8518.40. Ukishaijua namba, mpe wakala wa forodha mwenye leseni, au uliza TRA moja kwa moja, bidhaa hiyo iko kundi gani kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Makundi makuu ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Bidhaa chache zina viwango au tozo zake za pekee. Usikubali jibu la "vifaa vya elektroniki ni hivi", kwa sababu kompyuta mpakato (8471.30) ni asilimia sifuri na spika haziko hivyo, na zote ni elektroniki.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa huku nyumbani hawalisemi na wengine hawalijui. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kwenye jedwali lake la thamani, inasema kwamba mzigo uliokuja kwa ndege hauongezewi nauli kwenye thamani ya kutozea ushuru wa forodha. Wa meli unaongezewa. VAT ni habari nyingine: yenyewe inahesabiwa juu ya thamani ya forodha, jumlisha nauli na bima kama hazikuwa zimeingia, jumlisha na ushuru wenyewe. Kwa hiyo mzigo wa ndege una misingi miwili tofauti, na anayeijumlisha nauli kwenye msingi wa ushuru anakuzidishia.

Sasa tuwaweke wauzaji wako wawili kwenye hiyo sheria. Nachukulia asilimia 25 kwa tahadhari. Ukipata jibu la HS utarekebisha.

Wa mnada, tuseme umeshinda kwa 375, nauli 55, jumla 430. Ushuru ni 25% ya 375, yaani 93.75. VAT ni 18% ya (375 + 93.75 + 55), yaani 94.28. Kodi zote mbili 188.03.

Wa "bure", 430. Nauli ipo, ila kaifunika ndani ya bei na ankara yake inaonyesha bidhaa ya dola 430. Ushuru ni 25% ya 430, yaani 107.50. VAT ni 18% ya 537.50, yaani 96.75. Jumla 204.25.

Umelipa dola zilezile 430 kwa wauzaji wote wawili, lakini wa "bure" amekuongezea dola 16.22 kwa TRA. Kwenye kundi la asilimia 35 tofauti inakuwa kubwa zaidi. Hiyo "bure" ina faida kwa mtu anayenunua ndani ya nchi ya muuzaji. Kwako unayevusha mpaka, nauli iliyoandikwa kwenye mstari wake ndiyo inayokufaa. Unaweza kumwomba muuzaji wa "bure" aitenge nauli halisi kwenye ankara ya biashara inayobandikwa kwenye boksi. Wengine wanakubali, kwa sababu ni kweli nauli anailipa.

Dau lako la mwisho sasa. Kwa asilimia 25 na mzigo wa ndege, kila dola ya dau inakugharimu hivi: dola yenyewe, senti 25 za ushuru, senti 22.5 za VAT, kama senti 4 za kubadilisha fedha kwenye kadi, na senti 3 za akiba kwa tozo ndogo za forodha (ada ya kuchakata nyaraka, tozo ya maendeleo ya reli). Inakuja 1.545, zungusha iwe 1.55. Kila dola ya nauli nayo inabeba VAT, kadi na akiba hiyohiyo, yaani 1.25. Halafu tenga kiasi cha gharama zisizofuata thamani: ada ya kampuni iliyoleta, wakala na nauli ya kukufikishia. Tuseme 50.

700 toa 50, toa 55 × 1.25 ambayo ni 68.75. Zinabaki 581.25. Gawa kwa 1.55. Unapata 375.

Lenzi ikiwa kundi la asilimia 10, kigawanyo kinakuwa 1.37 na dau linafika 424. Ikiwa sifuri, kigawanyo 1.25, dau 465. Unaona kwa nini nimeanza na HS? Kosa la kundi moja linatosha kukufanya ukose lenzi ambayo ulikuwa unaimudu, au ushinde ambayo huimudu.

Hizo tozo ndogo nimeziwekea akiba badala ya kutaja kila moja kwa sababu viwango hubadilishwa na sheria ya fedha, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Ukinunua Juni mzigo ukafika Julai, uliza upya.

---

Kadi_na_Dola

Nyongeza upande wa malipo, maana hiyo asilimia 4 ya mkuu hapo juu inaweza kuwa 2 na inaweza kuwa 7.

Lipa kwa sarafu ya tangazo. Kama lenzi imetangazwa kwa dola, lipa dola. Mara nyingi ukurasa wa malipo utakuuliza kama unataka kuona kiasi kwa shilingi, na tayari wamekuwekea alama hapo. Ukikubali, anayebadilisha ni wao, kwa kiwango chao, siyo benki yako. PayPal wanafanya hivyo pia, wanaongeza asilimia kadhaa juu ya kiwango cha soko. Kuna sehemu ya kuchagua kadi yako ndiyo ifanye mabadiliko, imefichwa chini ya maneno ya kiwango cha fedha. Ibonyeze kabla hujathibitisha.

Kwa upande wa kadi, iwe ya benki au ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu kama ile ya M-Pesa, uliza mambo mawili tofauti: kiwango cha kubadilishia na ada ya muamala wa nje. Watu huuliza la pili tu, wakaambiwa asilimia ndogo, wakafurahi, kumbe pengo la kiwango ndilo kubwa. Njia ya kupima ni rahisi. Nunua kitu cha dola moja au mbili, gawanya shilingi zilizokatwa kwa dola, linganisha na kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo. Unachokiona hapo ndicho uweke kwenye hesabu badala ya 4.

Bidhaa iliyotangazwa kwa yeni au pauni na kadi yako inasoma dola kwanza, inaweza kubadilishwa mara mbili. Kama una akaunti ya dola, itumie.

Kadi ya kuweka pesa kwanza iwe na akiba juu ya jumla. Mfumo unaweza kushikilia kiasi kwanza halafu ukakata baadaye kwa kiwango kingine. Ikipungua hata shilingi mia malipo yanakataliwa, na kwenye mnada ukichelewa kulipa muuzaji ana haki ya kufuta na wewe unapata alama mbaya.

Na muuzaji akikwambia "ongeza asilimia 4 ya ada ya malipo" au "tulipane nje ya mtandao nikupunguzie", acha. Ya kwanza eBay wenyewe wanaikataza. Ya pili inakuondolea ulinzi wote wa mnunuzi.

---

MzigoHewani

Picha_Mbagala, amplifaya ndiyo itakayokuumiza, siyo lenzi. Bei ya kuanzia dola 99 isikuvute.

Kampuni za usafirishaji wa haraka na makago wa ndege hawatozi uzito wa mizani peke yake. Wanapima boksi, wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5000, na jibu ni kilo za ujazo. Unalipia kubwa kati ya hiyo na ya mizani. Wengine wa kago ya kawaida ya ndege wanagawa kwa 6000. Marekani wanapima kwa inchi na kugawa kwa 139, inakaribia sawa na 5000. Uliza kigawanyo kabla ya kuuliza bei ya kilo, kwa sababu bei ya kilo iliyo chini kwenye kigawanyo cha 5000 inaweza kuwa ghali kuliko ile ya juu kwenye 6000.

Amplifaya ya kilo 14 muuzaji akiitupia kwenye boksi la 60 × 50 × 40, ni 120,000 kugawa kwa 5000, kilo 24. Umelipia kilo kumi za maputo ya plastiki. Ikipakiwa upya kwenye boksi la 52 × 42 × 30 inashuka kilo 13.1, na hapo mizani ndiyo inatawala, unalipa 14 na uzito wa boksi. Kwa hiyo ada ya kupakia upya kwa wakala wa kule inaweza kuwa pesa nzuri kabisa kuitoa. Lakini mwambie asiondoe povu la pembeni: amplifaya ina transfoma nzito katikati, ikianguka bila povu inang'oa skrubu zake na kupasua ubao wa saketi.

Lenzi nayo ina ujazo. Boksi la 38 × 22 × 22 linatoa kilo 3.68, na kampuni za haraka hupandisha mpaka nusu kilo inayofuata, kwa hiyo 4, wakati mizani inasoma chini ya nusu ya hapo. Kwako haijalishi kwa sababu muuzaji ameshafunga nauli kwenye 55. Ingejalisha kama angeandika nauli "ya kukokotolewa". Hiyo hubadilika kwa anwani, kwa hiyo kabla ya kuweka dau badilisha nchi iwe Tanzania na uweke postikodi yako (za Dar zinaanza na 1). Wapo wanaoona nauli ya dola 12, wanaweka dau, kumbe ni nauli ya ndani ya Marekani. Tangazo lisiloonyesha nauli ya Tanzania kabisa, muulize muuzaji na upate jibu kwa maandishi ndani ya mtandao huohuo, mnada ukiwa bado wazi.

Kwa wakala wa kago wa Marekani omba orodha ya ada zote, siyo bei ya kilo tu: kupokea boksi, kuunganisha maboksi, kupakia upya, picha, siku za ghala za bure na kila siku inayozidi, uzito wa chini wa kutozwa, mafuta, na kama bei yake inaishia uwanja wa ndege, Kariakoo au mlangoni kwako. Anayesema "bei yangu ina kila kitu pamoja na ushuru", muulize utapata stakabadhi ya TRA yenye jina lako au la. Mizigo ikichanganywa kwa jina la mtu mwingine na ikakamatwa, huna karatasi ya kudai chako.

Anwani yake iko jimbo gani? Mnada unapeleka kule, kwa hiyo unatozwa kodi ya mauzo ya jimbo la ghala. New Jersey ni asilimia 6.625, California haipungui 7.25. Oregon na Delaware hakuna kodi ya mauzo, ndiyo maana makago wengi wameweka maghala huko. Kodi hiyo inaonekana hatua ya mwisho ya kulipa, baada ya kushinda.

Na hili lisikupite: ulinzi wa mnunuzi wa eBay hauufuati mzigo uliopelekwa tena anwani nyingine. Kwao bidhaa imefika ghala la wakala, basi. Ndiyo sababu wakala anayepiga picha na kufungua boksi siku ya kupokea ana thamani. Kama amplifaya imefika imepinda, malalamiko yafunguliwe ikiwa bado iko Marekani.

---

Sauti_Ilala

Kabla ya kago, geuza picha ya nyuma ya hiyo amplifaya usome umeme wake. Marekani ni volti 120, hapa 230. Kama nyuma kuna swichi ya 115/230 (iweke 230 kabla ya kuwasha) au kibandiko cha 100-240V, uko salama, kilichobaki ni kubadilisha waya wa umeme. Kama imeandikwa 120V 60Hz peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha.

Transfoma isiwe sawasawa na wati za amplifaya. Inayokula wati 1000 ipewe ya VA 1500 (VA ndiyo kipimo cha uwezo wa transfoma) au zaidi, kwa sababu besi inapopiga inavuta mara moja kiasi kikubwa, na transfoma ndogo inapata joto, volti inashuka, sauti inakatika. Hiyo ni gharama ambayo haiko kwenye tangazo lolote, tena ni kifaa kizito cha kubeba kila kwenye shughuli. Amplifaya ya zamani inaweza kufungwa transfoma nyingine ndani, lakini kwa bei ya chombo cha dola 99 haina maana.

Kwa ushauri wangu, tafuta modeli hiyohiyo kwa muuzaji wa Uingereza au Ulaya. Bei inaweza kuwa juu kidogo, lakini inakuja na umeme wetu, na ya Uingereza inakuja hata na plagi yetu.

Neno "untested" (haijajaribiwa) kwenye tangazo lisome kama "mbovu". Kuijaribu amplifaya ni dakika tano na waya wa umeme, na ikiwaka bei inapanda. Asiyeijaribu ana sababu.

---

Dili_Tegeta

Mbona mnajichosha. Mwambie muuzaji aandike "zawadi", thamani dola 40. Mzigo unapita.

---

Forodha_Kurasini

Hapana, Dili_Tegeta, na naomba asifuate hilo.

Neno "zawadi" halifuti ushuru. TRA wana haki ya kukataa thamani iliyotangazwa na kuikadiria upya, na lenzi ya aina hiyo bei yake inaonekana mtandaoni kwa dakika moja. Wakikataa, mzigo unakaa ghalani wakati mnabishana, ghala linahesabu siku, na kutoa tamko la uongo ni kosa chini ya sheria ya forodha, kuna faini na mzigo unaweza kutaifishwa. Pia bima na fidia ya kampuni ya usafirishaji hulipa kwa thamani iliyotangazwa. Lenzi ikivunjika njiani, umelipwa dola 40 kwa kitu cha 375.

Nyaraka za kweli ndizo zinazopunguza gharama. Chapisha ukurasa wa ushindi wa mnada wenye bei na nauli zikiwa mistari tofauti, uthibitisho wa malipo, na picha za tangazo zinazoonyesha kwamba kitu kimetumika. Mtumie wakala kabla mzigo haujatua. Thamani ya muamala ndiyo njia ya kwanza kisheria ya kuthaminisha, lakini mwenye kuithibitisha ni wewe. Ukifika mikono mitupu wanahamia njia nyingine, na hizo huishia juu zaidi.

Kwa wakala pia usikubali namba moja ya jumla. Aandike ada yake peke yake, ghala peke yake, usafiri peke yake, na kodi zije kwenye tathmini ya TRA yenye namba ya malipo ya serikali. Hiyo namba ilipe mwenyewe kwa simu au benki. Pesa ya kodi isipitie kwenye namba ya simu ya mtu. Wakala anayegoma kukuonyesha tathmini, tafuta mwingine.

Kwa lenzi, kama itakuja na kampuni ya haraka, wao huwa wanatanguliza kukulipia ushuru halafu wanakutoza ada ya kutanguliza, ambayo ina kiwango cha chini hata kodi ikiwa ndogo. Piga simu ofisi yao ya Dar uliza kiwango hicho, na uliza kama unaruhusiwa kulipa mwenyewe. Ikija kwa EMS (huduma ya haraka ya posta) inapitia Posta, ada ni nyingine na mara nyingi unafuata mwenyewe. Ndiyo ile 50 niliyoitenga. Ukishapata majibu ifanye iwe namba halisi.

---

Picha_Mbagala

Asanteni sana wakuu, hii naichapisha. Amplifaya nimeiacha, kibandiko cha nyuma ni 120V tu.

Maswali mawili ya lenzi. Muuzaji huyohuyo ana kofia ya lenzi na betri mbili za kamera kwenye minada mingine. Nikishinda zote atanitoza nauli mara nne? Na tangazo linasema "haze kidogo, haiathiri picha", yaani ukungu ndani ya vioo. Niiamini?

---

MzigoHewani

Nauli ya pamoja haiji yenyewe kwa wauzaji wengi. Ukishinda usilipe moja moja. Bonyeza sehemu ya kumwomba muuzaji akupe jumla, akutumie ankara moja, ndipo ulipe. Ukishalipa kwanza unategemea huruma yake kurudishiwa. Muulize leo kama anaunganisha na nauli itakuwa kiasi gani.

Betri ziache. Betri za lithiamu zilizo peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na zikiwekwa boksi moja na lenzi bila kutangazwa, boksi zima linaweza kuzuiwa au kurudishwa, lenzi ikiwemo. Betri nunua hapa Dar.

---

Lenzi_Safi_Upanga

Kuhusu haze. Wauzaji wa Japani wengi wanaeleza hali ya kioo kwa uangalifu, kwa hiyo usiangalie neno kubwa la juu lenye "Near Mint" (karibu mpya), shuka chini usome mistari ya vioo: vumbi, mikwaruzo, haze, kuvu, kutengana kwa gundi ya vioo. Yule aliyeacha mstari wa kuvu mtupu, muulize wazi: kuvu ipo au haipo.

Omba picha mbili. Ya kwanza tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, tochi ikimulika kutoka nyuma, picha ipigwe kwa mbele. Haze inaonekana kama ukungu sawasawa, kuvu inaonekana kama nyuzi au mizizi inayoanzia ukingoni. Ya pili ionyeshe mashine ya fokasi ikifanya kazi kwenye kamera, na kama lenzi ina kituliza mtikisiko, aseme kwa maandishi kwamba kinafanya kazi. Mota ya fokasi ya lenzi hizi ndiyo ghali kuliko vyote, na kwa modeli za zamani kiwanda kimeacha kutengeneza spea.

Haze nyepesi kwenye kioo cha nyuma kabisa fundi anaifungua na kuifuta. Ikiwa kwenye kundi la katikati, 70-200 inavuliwa karibu yote na inahitaji kupangwa upya, la sivyo upande mmoja wa picha utakuwa hafifu. Muulize iko kioo gani. Akisema hajui, kata gharama ya kufungua na kusafisha kwenye ile 700 kabla ya kugawa kwa 1.55. Fundi akikutajia dola 60, dau lako linashuka kutoka 375 mpaka 336, na hilo ndilo dau lako, siyo 375. Kuvu ikiwepo hata kidogo achana nayo. Hewa ya pwani yetu ina unyevu wa kutosha kuikuza, na utaitia kwenye begi moja na lenzi zako nyingine.

Soma pia sharti la kurudisha. "Hairudishwi" haizuii madai kama kitu hakifanani na maelezo, una siku 30 tangu kifike. Lakini hapa ameshakwambia ina haze, kwa hiyo haze haitakuwa sababu ya madai. Na hata ukishinda dai, muuzaji anarudisha bei na nauli aliyotoza. Ushuru uliolipa TRA haumo, na tofauti ya kiwango cha fedha kati ya siku uliyolipa na siku ya kurudishiwa ni yako.

Kuweka dau: andika kikomo chako mara moja, mfumo wenyewe utapandisha kidogo kidogo. Kati ya dola 250 na 499.99 eBay inapanda kwa dola 5, kwa hiyo ukiwa wa kwanza kwa 336 na mwingine kaishia 320, unalipa 325. Iweke dakika za mwisho ili usiwape wengine muda wa kupandishana nawe, na ikizidi 336, yule wa dola 430 bado yupo: mwandikie umpe bei yako kama ameacha nafasi ya kupokea ofa, ukimwomba na nauli aitenge kwenye ankara.